Baiskeli ya kwanza ya milimani: Uzuri wa mkakasi usikuhadae

Huenda nawe umeshaahidi. Umemwambia kijana wako kwamba akifanya vyema shuleni utamnunulia baiskeli, tena si baiskeli hivi hivi tu bali ile ya milimani, yenye matairi manene ya meno na gia tele. Au huenda wewe ni mwanafunzi wa chuo, umechoka kuketi kwenye msongamano wa magari asubuhi na jioni, na umeanza kuwaonea wivu vijana wanaoipita matatu yenu kwa baiskeli huku wakipiga mluzi. Kabla hujatia mkono mfukoni, keti nami kidogo. Nina kisa cha kukusimulia, na kisa chenyewe kilinigharimu.

Mwaka wa 2019 kifungua mimba wangu alifanya mtihani wa KCPE. Nilikuwa nimemwahidi baiskeli, na matokeo yalipotoka sikuwa na pa kujificha. Jumamosi iliyofuata tuliingia madukani. Hatukutafuta sana. Ilikuwa pale mbele, imeinuliwa juu ya jukwaa: nyekundu, inameremeta, springi mbele, springi nyuma, gia 21 na maandishi makubwa ubavuni. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia. Kijana alinitazama, nami nikatoa pesa. Sikuuliza swali hata moja.

Wiki ya tatu, akiteremka kilima kifupi karibu na lango la mtaa wetu, alibana breki ya mbele. Mkono wa breki ukaja wote mpaka ukagusa usukani, na baiskeli isipunguze mwendo. Waya ulikuwa umechomoka. Breki ya nyuma peke yake haikuwa na nguvu za kumsimamisha. Ili asiingie barabarani kwenye magari, aliielekeza baiskeli kwenye ua wa miiba. Alivunjika mtulinga. Krismasi hiyo alikula kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa.

Niliipeleka baiskeli ile kwa fundi wetu wa mtaani, mzee ambaye kibanda chake nilikuwa nikikipita kila siku bila kumsalimu. Aliipindua juu chini, akazungusha magurudumu, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mama, nani aliiunga hii?"

"Ilitoka dukani hivyo hivyo," nikamjibu.

"Basi huko dukani hakuna fundi. Tazama, foki imewekwa kinyumenyume. Nati inayoushika waya wa breki haikukazwa. Na hii springi ya nyuma kazi yake ni kuongeza uzito tu. Hii ni baiskeli ya kutazamwa, mama, si ya kupandwa."

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tangu siku hiyo nimejifunza mengi, mengine kutoka kwa fundi yule na mengine kwa kuanguka mwenyewe, maana hatimaye nami nilipanda. Haya ninayokuandikia leo ndiyo ambayo laiti ningaliambiwa kabla ya Jumamosi ile.

ILIANZA NA MIKWECHE

Watu wengi hudhani kwamba baiskeli ya milimani ni chombo cha wenye pesa tangu mwanzo wake. Sivyo. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County, kaskazini mwa jiji la San Francisco huko Marekani, walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu zilizotengenezwa miongo kadhaa kabla, wakazisukuma hadi juu ya Mlima Tamalpais na kushindana kuteremka nazo. Zilikuwa nzito, zenye matairi manene na nyingi zilikuwa na gia moja tu. Ikiwa umewahi kumwona muuza maziwa akipanda mlima na Black Mamba iliyosheheni mitungi, basi si vigumu kwako kupata picha.

Breki za baiskeli hizo zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na ulizifunga kwa kurudisha pedali nyuma. Kwenye mteremko ule mkali zilipata moto hadi grisi ikafuka moshi, na baada ya kushuka ilibidi grisi ijazwe upya. Ndiyo maana mashindano yao, yaliyoanza mwaka wa 1976, yaliitwa Repack, yaani kujaza tena.

Miongoni mwa vijana hao walikuwamo Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly. Breeze aliunda fremu mahsusi ya kazi hiyo mwaka wa 1977, na mwaka wa 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, mojawapo ya baiskeli za kwanza za milimani kutengenezwa kwa wingi viwandani. Kufikia mwaka wa 1996 mchezo huo ulikuwa umeingizwa katika Olimpiki, jijini Atlanta.

Hapa kwetu nako kuna funzo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1985, alianza safari yake kwa baiskeli ya milimani kwenye barabara za murramu, akifundishwa na David Kinjah, mwendeshaji baiskeli wa Kikuyu aliyewahi kuiwakilisha Kenya. Froome huyo ndiye aliyekuja kutwaa Tour de France mara nne, mwaka wa 2013, 2015, 2016 na 2017. Alichokuwa nacho mwanzoni kilikuwa baiskeli inayokwenda, njia mbovu za kujifunzia na mtu wa kumwelekeza. Hayo matatu hata wewe unaweza kuyapata.

IKUTOSHE KAMA KIATU

Jambo la kwanza la kutazama si rangi wala idadi ya gia. Ni ukubwa. Wazazi tuna mazoea ya kununua viatu vya shule vikubwa kidogo ili mtoto "akue navyo". Viatu vikubwa utatia gazeti kwenye ncha na maisha yaendelee. Baiskeli kubwa haina gazeti. Mtoto asiyefika chini hawezi kusimama kwa dharura, na mtoto asiyezifikia breki ni kama hana breki.

Kipimo ni rahisi. Simama ukiwa umeipitisha baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kati yako na bomba la juu la fremu pawe na nafasi ya inchi mbili au zaidi. Kisha keti, mtu akushikilie, uweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno magoti yatauma. Kikiwa juu mno utakuwa ukiyumba kiuno kila unapokanyaga.

Tazama pia mikono. Ukishika usukani, viwiko viwe vimelegea, visinyooke kama vya mtu anayesukuma mkokoteni. Vidole viwili vifike kwenye mkono wa breki bila kujinyoosha. Kwa watoto na wenye viganja vidogo, breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuusogeza mkono wake karibu na usukani. Mwombe fundi akuonyeshe.

Kuhusu magurudumu, utasikia wauzaji wakitaja 26, 27.5 na 29. Hizo ni inchi. Gurudumu kubwa hupita juu ya mawe na mashimo kwa urahisi zaidi, nalo dogo hugeuka upesi. Kwa anayeanza, tofauti hiyo isikunyime usingizi. Baiskeli nyingi za zamani ni za 26, na kabla hujailipia, muulize fundi wako kama matairi na tubu za kipimo hicho hupatikana karibu na nyumbani.

SPRINGI SI SIFA

Baiskeli za milimani ni za aina tatu: zisizo na springi kabisa, zenye springi kwenye foki ya mbele pekee, na zenye springi mbele na nyuma. Macho ya vijana huenda moja kwa moja kwa hizo za mwisho. Ukweli ni kwamba springi nzuri ya nyuma ni ghali. Baiskeli ya bei nafuu yenye springi pande zote imeokoa pesa mahali pengine, na mara nyingi mahali hapo ni breki, ringi au vyuma vya pedali. Isitoshe, springi duni hunyonya nguvu zako kila unapokanyaga ukipanda mlima. Rahisi huvunja upishi.

Ikiwa fedha zako si nyingi, chukua isiyo na springi ya nyuma. Ikiwa ni chache zaidi, hata isiyo na springi yoyote itakufunza vizuri. Matairi manene, viwiko na magoti yako ndizo springi za kwanza.

Je, ununue mpya au ya mitumba? Baiskeli ya mtumba kutoka Uingereza au kwingineko Ulaya yaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei hiyo hiyo, mradi ujue kuichunguza. Nenda na fundi na umlipe kwa muda wake. Pesa hizo si hasara. Kama uko peke yako, fanya hivi:

Kwanza, kagua fremu mahali mabomba yanapoungana, hasa nyuma ya usukani na chini ya kiti. Ukiona ufa, au rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, iache hata kama ni ya bure.

Pili, inua gurudumu na ulizungushe. Likiyumba kushoto na kulia, ringi imepinda. Gusa spoki moja moja, isiwepo iliyolegea.

Tatu, bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "ko, ko" kwenye shingo ya usukani, kuna kilicholegea au kilicholika.

Nne, shika mikono ya pedali na uitikise upande kwa upande. Isicheze.

Tano, vuta mnyororo kwenye ncha ya mbele ya gia kubwa. Ukiinuka hadi meno yakaonekana wazi chini yake, mnyororo umekwisha, na huenda gia nazo zimelika pamoja nao.

Sita, bana kila breki kwa nguvu zako zote. Mkono wake usifike kwenye usukani, na waya usiteleze hata kidogo. Hapa ndipo mimi nilipokosea.

Saba, ipande na ubadilishe gia zote, moja baada ya nyingine.

Hata iliyo mpya isisalimike. Kama breki ya mbele ni ile inayobana ringi, yapaswa kuwa upande wa mbele wa foki. Ukiiona imegeukia miguu yako, jua foki imewekwa kinyume. Itoe dukani uipeleke moja kwa moja kwa fundi akaze kila nati kabla mtoto hajaigusa.

Mwisho, dai risiti. Baiskeli nyingi za wizi hubadilisha mikono kimya kimya. Nakili namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa chini, pale mikono ya pedali inapoungana, na uihifadhi nyumbani pamoja na picha ya baiskeli yenyewe. Ikiibwa siku moja, utakuwa na la kuwaambia polisi.

USIMALIZE PESA ZOTE

Wengi hutumia pesa zote kwa baiskeli, kisha helmeti ikawa ya "mwezi ujao". Mwezi huo huchelewa. Tenga mapema kama sehemu moja kati ya tano ya fedha zako kwa vifaa, na helmeti iwe ya kwanza.

Helmeti ikae sawa juu ya kichwa, ukingo wake wa mbele ukiwa upana wa vidole viwili juu ya nyusi, si kusukumwa nyuma kama kofia ya harusini. Mikanda ikutane chini ya masikio, na ule wa kidevu ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili tu. Helmeti iliyowahi kupigwa chini kwa kishindo haina kazi tena, hata kama haionyeshi ufa, maana povu la ndani hujibana mara moja na halirudi. Kwa sababu hiyo sipendekezi helmeti ya mtumba. Hujui imeanguka na nani.

Baada ya helmeti, nunua kufuli imara, taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma, pampu ndogo, tubu ya akiba, na pakiti ya viraka yenye gundi na msasa. Glavu nazo si urembo. Ukianguka, kiganja ndicho hutangulia chini.

UWANJANI KABLA YA MLIMANI

Baiskeli imefika nyumbani. Usikimbilie mlimani. Tafuta uwanja wa shule au kiwanja kitupu Jumapili asubuhi, na uanze na breki.

Jua kwanza ipi ni ipi. Baiskeli zilizotoka Uingereza kwa kawaida huwa na breki ya mbele upande wa kulia. Zilizotoka Marekani na nchi nyingi za bara Ulaya huwa nayo upande wa kushoto. Katika soko letu zote zimechanganyika, kwa hivyo usikisie. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiibana ghafla yaweza kukurusha juu ya usukani. Weka jiwe chini, endesha kuelekea hapo, kisha ubane breki zote mbili polepole huku ukisogeza kiuno nyuma, usimame jiweni. Rudia mara 20. Inachosha, lakini siku mbuzi atakapokatiza njia, vidole vitakumbuka vyenyewe.

Pili ni gia. Gia nyepesi ni za kupanda, nzito ni za tambarare na mteremko. Badilisha kabla mlima haujakukamata, ukiwa bado unazungusha pedali kwa wepesi. Ukingoja hadi umekwama na kukanyaga kwa hasira, mnyororo utalia na huenda ukakatika. Aidha, epuka kuweka mnyororo kwenye gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, au ndogo na ndogo. Huko unapinda na kulika upesi.

Tatu ni kuteremka. Inuka kitini. Pedali ziwe sawasawa, moja mbele na nyingine nyuma, isiwepo iliyo chini ya kugonga jiwe. Kunja magoti na viwiko, sogeza kiuno nyuma, na uweke vidole tayari kwenye breki. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Na tazama unakotaka kwenda. Ukilikazia macho shimo, utaingia shimoni; gurudumu hufuata jicho.

Kupanda ni kinyume chake. Keti, sogea mbele kidogo kitini, inamisha kifua, weka gia nyepesi na uzungushe kwa mwendo ulio sawa. Ukishindwa, shuka na usukume. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hata mgeni mwenye afya huhema hapa. Mwenda pole hajikwai.

WAPI PA KUANZIA

Kwa wakazi wa Nairobi, sijui mahali pema kuliko Msitu wa Karura. Una ukubwa wa takriban hektari 1,000 na ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Mwaka wa 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea usinyakuliwe. Leo mtoto wako anaweza kuendesha chini ya miti hiyo bila kuogopa gari. Unalipa ada langoni, na baiskeli za kukodi zipo. Hili la kukodi ulitilie maanani: kabla hujanunua, kodi mara mbili au tatu. Utajua kama unaupenda mchezo wenyewe, na utajua ukubwa unaokufaa. Fuata njia zilizotengewa baiskeli, na umpishe anayetembea kwa miguu.

Ukishazoea, panga safari ya Hell's Gate karibu na Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Ni mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1984, na ni mojawapo ya chache nchini ambazo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya punda milia, twiga na swara. Hapo pia utapata za kukodi. Njia yake kuu haina milima mikali, ila jua ni kali na vumbi jingi, kwa hivyo beba maji ya kutosha. Nyati nao wapo. Ukiwaona, simama mbali, usijaribu kupiga picha ya karibu.

Vilima vya Ngong viache kwa baadaye. Kilele chake kinazidi mita 2,400, upepo ni mkali, na miteremko yake haimsamehi asiyejua breki. Nenda na kikundi, kamwe usiende peke yako.

Kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Oktoba na Desemba, mvua hubadilisha kila kitu. Udongo mweusi wa pande za Nairobi hujisokota kwenye matairi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Siku hizo baki kwenye murramu ngumu au usafishe baiskeli nyumbani.

Lakini ili ufike msituni lazima upite barabarani, na hapo ndipo moyo wa mzazi hudunda. Endesha upande wa kushoto, ukielekea magari yanakoelekea, wala usipite kinyume chao. Nenda moja kwa moja bila kuyumbayumba, na uangalie nyuma kabla ya kukwepa shimo. Matatu ikisimama, usiipite kwa upande wa mlango. Abiria hurukia hapo hapo. Kwenye mizunguko yenye magari mengi, shuka usukume. Hakuna aibu. Na mtoto aliye chini ya miaka 12 asitumwe peke yake kwenye barabara kuu, hata kama anajigamba vipi.

UPEPO, BREKI, MNYORORO

Kila kabla ya kutoka, sema maneno haya matatu na uyatende: upepo, breki, mnyororo. Bonyeza matairi, kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na kwenye njia ya mawe unaweza kupunguza kidogo ili lishike vizuri, bila kwenda chini ya kiwango cha chini kilichoandikwa. Bana breki. Zungusha mnyororo usikie kama unalia.

Ukirudi na matope, osha kwa ndoo na kitambaa. Usiipeleke kwa waosha magari wenye mashine za maji ya nguvu, kwani maji hayo huingia ndani ya vitovu na kuosha grisi. Kausha mnyororo, tia tone moja la oili kwenye kila kiungo, zungusha, kisha pangusa inayobaki juu. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwa injini ya gari, ambayo baadhi yetu huitumia kwa kuwa ni ya bure, ina chembechembe za chuma zinazoula mnyororo. Mafuta ya kupikia nayo huganda na kunasa vumbi.

Jifunze pia kuziba pancha mwenyewe. Ni kazi ya robo saa. Anayejua kuziba pancha hufika nyumbani. Asiyejua hupiga simu.

KIJANA WANGU

Huenda unauliza yule kijana aliishia wapi. Mtulinga ulipona, lakini hofu ilibaki. Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, alikuwa nyumbani bila kazi na bila hamu ya kuiona baiskeli yoyote. Ni fundi yule aliyemwita kibandani, si kupanda, bali kumshikia spana. Wakaifungua ile nyekundu yote, wakatoa vilivyofaa na kuvitupa visivyofaa. Baada ya miezi miwili alikuwa anaweza kunyoosha ringi. Kisha fundi akatutafutia mtumba mmoja wa kijani kibichi, rangi imepauka, hauna springi hata moja. Kijana aliukagua mwenyewe, kuanzia fremu hadi mnyororo, mimi nikiwa nimesimama kando nikinyamaza. Aliponiambia, "Mama, hii ni sawa," nililipa bila wasiwasi.

Alipanda siku hiyo hiyo, akauteremka mlima ule ule. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa amesimama chini langoni, ananipungia mkono.

Basi, ndugu msomaji, mchagua jembe si mkulima. Usingoje hadi upate baiskeli ya gazetini, wala usihadaike na inayong'aa jukwaani. Tafuta inayokutosha, ipitishe kwa fundi, vaa helmeti, uanzie uwanjani. Mzazi, kama unaweza, jifunze pamoja na mtoto wako. Hata kwa umri wangu inawezekana, na magoti yangu ni shahidi.

Siku hizi Jumapili asubuhi tunatoka pamoja. Kabla ya kufungua lango, kijana husema, "Mama, ngoja kwanza." Huinama, akabana breki yangu ya mbele kwa kidole, akautazama waya, kisha ndipo twende.